Madaraka, Ardhi na Majirani katika Riwaya za Radka Denemarková

Swali zito lililoikabili riwaya ya Kicheki tangu kuanguka kwa utawala wa kikomunisti mwezi Novemba 1989 ni lile la nani anastahili kuitwa mdhulumiwa, na mdhulumiwa huyo, akishapata nguvu mikononi mwake, huzitumiaje. Kwa takriban nusu karne historia rasmi ya Chekoslovakia ilisimuliwa kama historia ya taifa dogo lililoonewa na wakubwa: mwaka 1938 lilikatwa vipande huko Munich na dola nne ambazo hazikuliita hata kwenye mazungumzo, Machi 1939 likavamiwa na majeshi ya Hitler, na Juni 1942 kijiji cha Lidice kikateketezwa na wanaume wake 173 wakapigwa risasi siku moja. Yote hayo ni kweli, wala hakuna mwandishi makini anayeyapinga. Kilichonyamaziwa ni yale yaliyofuata baada ya Mei 1945, pale walioonewa walipogeuka kuwa wenye amri. Radka Denemarková aliingia katika eneo hilo la ukimya kwa ujasiri ambao wenzake wachache wamekuwa nao, na umuhimu wake, kwa mtazamo unaotetewa hapa, umo katika namna anavyoyafuata madaraka hadi chini kabisa, kwenye daftari la ardhi, kwenye muhuri wa kamati ya kijiji na juu ya mwili wa mwanamke, mahali ambapo mtu hudhulumiwa na watu anaowajua kwa majina.

Denemarková alizaliwa mwaka 1968 katika mji wa Kutná Hora, mwaka uleule ambao vifaru vya nchi za Mkataba wa Warszawa viliingia Chekoslovakia na kuyakomesha mageuzi yaliyojulikana kama Majira ya Kuchipua ya Praha, hivi kwamba utoto na ujana wake wote ulipita chini ya utawala uliorudisha udhibiti wa vitabu na kuwafukuza kazini waliokataa kutii. Alisoma Kijerumani na Kicheki katika Chuo Kikuu cha Charles mjini Praha, akafanya utafiti katika taasisi ya fasihi ya Akademia ya Sayansi, kisha akawa mshauri wa tamthilia katika jumba la Divadlo Na zábradlí, ambako Václav Havel, mwandishi wa tamthilia aliyekuja kuwa rais, aliwahi kufanya kazi katika miaka ya 1960. Tangu mwaka 2004 anaishi kwa kalamu yake. Ni mwandishi wa kwanza kuipata mara nne tuzo ya Magnesia Litera, iliyo kubwa kuliko zote za vitabu nchini humo, na kila mara katika kundi tofauti: riwaya, uandishi wa habari, tafsiri na kitabu bora cha mwaka. Tuzo ya tafsiri aliipata kwa kazi ya mwandishi Herta Müller inayohusu Wajerumani wa Rumania waliopelekwa katika kambi za kazi za Kisovieti baada ya vita. Jambo hilo si dogo, kwa sababu linaonyesha kwamba alikuwa ameshazoea kutazama mateso ya watu wa upande ulioshindwa bila kusahau uovu wa upande huo.

Riwaya iliyomjengea jina ni *Peníze od Hitlera*, yaani "Fedha kutoka kwa Hitler", iliyochapishwa mwaka 2006, na ili ieleweke vizuri hapana budi kueleza kwanza sheria zilizotungwa wakati wa kisa chake. Mwaka 1945 Rais Edvard Beneš, kwa kuwa bunge lilikuwa halijaundwa, alitawala kwa amri zenye nguvu ya sheria. Amri namba 12 ya tarehe 21 Juni 1945 ilitaifisha mashamba ya Wajerumani, Wahungaria na wasaliti. Namba 33 ya tarehe 2 Agosti iliwavua uraia Wajerumani na Wahungaria. Na namba 108 ya tarehe 25 Oktoba ikachukua mali iliyosalia. Swali la nani ni Mjerumani lilijibiwa kwa kufungua makaratasi ya sensa ya mwaka 1930, ambayo iliuliza kila mtu utaifa wake, neno lililokuwa na maana tofauti na uraia na lililopimwa zaidi kwa lugha ya mama. Myahudi wa Bohemia aliyelelewa katika Kijerumani, akasoma shule za Kijerumani na kuandika katika sensa kwamba utaifa wake ni wa Kijerumani, alitenda jambo la kawaida mno mwaka huo, miaka mitatu kabla ya Hitler kushika madaraka. Miaka kumi na mitano baadaye jibu hilohilo lilimweka katika fungu moja na waliowaua ndugu zake.

Sheria iliacha mwanya, kwani aliyethibitisha kwamba alibaki mwaminifu kwa jamhuri na kwamba aliteswa na Wanazi aliweza kubakiziwa uraia. Lakini uthibitisho huo ulipimwa na vyombo vya utawala vya mahali alipotoka, na hapo ndipo mtego ulipotegwa. Waliotakiwa kusema kama mtu fulani alikuwa mwaminifu mara nyingi walitoka miongoni mwa watu ambao wangeweza kugawiwa shamba lake. Kisha tarehe 8 Mei 1946 bunge likapitisha sheria namba 115, iliyotangaza kwamba matendo yaliyofanywa kati ya tarehe 30 Septemba 1938 na tarehe 28 Oktoba 1945 kwa ajili ya kupigania uhuru, au kama kisasi cha haki dhidi ya wavamizi, hayakuwa makosa hata kama katika hali ya kawaida yangehesabiwa kuwa jinai. Siku hiyo ya mwisho, ikumbukwe, ni miezi zaidi ya mitano baada ya vita kwisha. Wajerumani wapatao milioni tatu waliondoshwa nchini, na tume ya pamoja ya wanahistoria wa Kicheki na Kijerumani ilikadiria mwaka 1996 kwamba waliokufa katika mchakato huo walikuwa kati ya 15,000 na 30,000.

Ndani ya kiangazi hicho cha mwaka 1945 ndimo Denemarková anamrudisha Gita Lauschmannová, binti wa familia ya Kiyahudi yenye mali na inayozungumza Kijerumani, aliyenusurika kambi ya mateso na kufunga safari ya kurudi katika kijiji cha Puklice, mahali ambapo baba yake alikuwa na shamba na nyumba. Anachokuta ni nyumba yenye wenyewe wapya. Wanakijiji wanaolala katika vyumba vya wazazi wake wanamwona kama Mjerumani aliyerudi kudai, wanamtuhumu Unazi, na binti aliyepona mikononi mwa wauaji walioandaliwa na dola nzima karibu aangamizwe na watu waliowahi kula mkate wa kwao. Uzito wa sehemu hii umo katika hesabu ndogondogo za kila siku: nani anavaa gauni la nani, nani anapika kwa sufuria ya nani, nani anaogopa kwamba msichana huyu mwembamba, akibaki hai, atataja vitu vyake kimoja kimoja. Chuki ya wanakijiji haizaliwi na itikadi. Inazaliwa na hofu ya kunyang'anywa walichokwisha kukizoea, na Denemarková anaiona hofu hiyo kwa ukaribu wa kutisha, kiasi kwamba msomaji hapewi nafasi ya kuwaita watu hawa mashetani na kupumzika.

Sehemu ya pili ya kisa inatokea mwaka 2005, ambapo Gita, sasa ni bibi mzee, anarejea tena Puklice. Zaidi ya mali anataka jina la familia yake lisafishwe, na hasa baba yake atambuliwe kwamba hakuwa mhalifu. Wajukuu wa walioichukua nyumba wanampokea kwa wasiwasi uleule, ingawa sasa wana adabu ya ofisini na lugha ya mawakili. Riwaya imepangwa kwa marejeo, kila sura ikiwa ni kurudi kwingine, na inafunguliwa na fuvu la binadamu linalofukuliwa ardhini, kiasi kwamba tangu mwanzo msomaji anajua kuna aliyezikwa hapo bila kaburi. Mwandishi ameipa riwaya jina dogo la mozaiki ya kiangazi, na kwa kweli imeundwa kwa vipande visivyoungana sawasawa. Muundo huo unafaa, kwani masimulizi yaliyonyooka yangemfanya Gita shahidi mwenye kumbukumbu iliyotulia, ilhali aliyepitia hayo humkumbuka mtu kwa harufu, kwa kiganja cha mkono, kwa mlango uliofungwa kwa nje.

Denemarková hakuanza kutoka patupu. Jaroslav Durych, mwandishi Mkatoliki aliyezuiwa kuchapisha na wakomunisti, aliandika katika miaka ya 1950 kisa cha mwanamke Mjerumani katika nyika iliyoachwa na waliofukuzwa, kikachapishwa mwaka 1969 baada ya mwandishi kufariki. Na Vladimír Körner alitoa *Adelheid* mwaka 1967, riwaya ambayo František Vláčil aliigeuza filamu. Mwaka 1978 mwanahistoria Ján Mlynárik, akijificha nyuma ya jina la bandia, aliandika hoja zilizouita ufukuzaji huo doa la kimaadili kwa taifa, hoja zilizochapishwa nje ya nchi na kuwagawanya hata wapinzani wa utawala. Baada ya *Peníze od Hitlera* mlango ulifunguka zaidi. Kateřina Tučková alichapisha mwaka 2009 *Vyhnání Gerty Schnirch*, kuhusu wanawake, watoto na wazee wa Kijerumani waliotolewa Brno kwa miguu usiku wa tarehe 30 Mei 1945. Jáchym Topol mwaka huohuo aliandika juu ya Terezín, mji ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, na Belarusi, akiuliza kumbukumbu za mauaji hugeukaje kivutio cha watalii. Na Jakuba Katalpa akafuata mwaka 2012 na *Němci*. Kazi ya Tučková ilizaa matunda yanayoonekana, maana mwaka 2015 baraza la jiji la Brno lilitamka rasmi kusikitishwa na tukio hilo, na watu wakatembea njia ya wale waliofukuzwa kwa kuigeuza, kutoka Pohořelice kurudi mjini.

Tofauti kati ya Denemarková na hao wenzake iko katika uchaguzi wa mhusika. Mwandishi anayemchukua mwanamke Mjerumani asiye na hatia hupata huruma ya msomaji, lakini huacha nyuma mlango ambao mtu wa nia mbaya anaweza kuupitia, akasema kwamba pande zote zilitenda na pande zote zilitendewa, basi ngoma ni droo. Kwa kumweka katikati binti wa Kiyahudi, ambaye Wanazi walitaka kumwangamiza kwa sababu ya damu yake na Wacheki wakamfukuza kwa sababu ya lugha yake, Denemarková anaufunga mlango huo. Hakuna mizani inayoweza kumwekea Gita deni la mtu yeyote. Kinachobaki mbele ya msomaji ni utaratibu wenyewe: orodha, alama, na umati unaokubali kwamba aliyeko kwenye orodha hana tena haki ya kulindwa. Ndiyo sababu kitambaa cheupe cha mkononi ambacho Wajerumani walilazimishwa kukivaa katika sehemu nyingi za nchi mwaka 1945 kilikuwa jambo la kutisha kwa yeyote aliyeiona nyota ya njano ya mwaka 1941, bila kulazimika kudai kwamba uhalifu wa aina mbili ulikuwa sawa kwa ukubwa. Haukuwa sawa. Wayahudi wapatao 80,000 wa Bohemia na Moravia waliuawa, na majina yao yameandikwa kwa mkono ukutani mwa sinagogi la Pinkas mjini Praha.

Kwamba suala hili halijazikwa kunaonekana katika sheria na siasa za nchi hiyo. Sheria ya mwaka 1991 ya kurejesha mali iliweka mpaka kwenye tarehe 25 Februari 1948, siku wakomunisti waliposhika serikali, hivyo aliyenyang'anywa siku moja kabla yake alibaki nje, na Wayahudi walisubiri hadi mwaka 1994 ili kufunguliwa njia nyembamba. Machi 1995 Mahakama ya Katiba ilikataa kuifuta amri namba 108. Januari 2013, katika mjadala wa televisheni kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais, mgombea Karel Schwarzenberg alisema kwamba yaliyotendwa mwaka 1945 yangehesabiwa leo kuwa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu na kwamba viongozi wa wakati ule, Beneš akiwamo, wangejikuta mbele ya mahakama ya Haag. Mpinzani wake Miloš Zeman alimshambulia kwa maneno hayo, na akashinda. Kambi ya Lety, ambamo Waroma wasiopungua 327 walikufa chini ya walinzi Wacheki katika miaka ya 1942 na 1943, ilikaa kwa miongo kadhaa chini ya ufugaji wa nguruwe, hadi serikali ilipoununua mradi huo na kuubomoa mwaka 2022. Mtu akikumbuka hayo haoni chumvi yoyote katika Puklice.

Baada ya riwaya hiyo Denemarková aliihamisha darubini yake. *Kobold* ya mwaka 2011 inaingia ndani ya nyumba, kwa baba anayetawala familia yake kama dikteta, na kwa hakika ni kazi isiyolingana na ile iliyoitangulia. *Příspěvek k dějinám radosti*, iliyotoka mwaka 2014, ina nguvu zaidi: mpelelezi anayechunguza kifo cha tajiri aliyedhaniwa amejinyonga anafikishwa kwenye nyumba chini ya kilima cha Petřín mjini Praha, ambako wanawake watatu wazee wanatunza hifadhi ya kumbukumbu za ubakaji, wa wakati wa vita na wa wakati wa amani. Hoja ya kitabu ni kwamba historia ya Ulaya imehesabu askari, mipaka na mikataba, lakini haikuhesabu jeuri hii, iliyofanywa na majeshi yaliyoshindwa na vilevile na majeshi yaliyokomboa, kwa kuwa kuitaja kungeuchafua ushindi. Wanawake hawa hawangoji mahakama. Mwandishi hawapongezi wala hawahukumu kwa wepesi, na kutokuwa na hakika huko kunamsumbua msomaji kwa namna inayostahili, ingawa njama ya upelelezi mara kwa mara inabanwa na kurasa za hotuba.

Kitabu kikubwa zaidi, kwa ukubwa na kwa azma, ni *Hodiny z olova*, yaani "Saa za Risasi", risasi hapa ikiwa ni ile metali nzito, kilichotoka mwaka 2018 baada ya safari zake kadhaa nchini China na kupewa tuzo ya kitabu bora cha mwaka 2019. Wahusika wengi hawatajwi kwa majina bali kwa nafasi zao katika jamii. Kiini chake ni mwandishi wa Kicheki anayekutana huko na Wazungu waliokimbilia biashara na usahaulifu, na pia na mwanafunzi wa kike wa Kichina anayeyasoma maandishi ya Havel na kuyaamini neno kwa neno, hadi anapoangukia mikononi mwa dola. Uhusiano huo wa Havel na China haukubuniwa na mwandishi. Havel aliandika mwaka 1978 insha juu ya nguvu za wasio na nguvu, akimchukua muuza mboga anayebandika kaulimbiu ya chama dirishani bila kuiamini, ili tu aachwe kwa amani. Na Mkataba wa 77, waraka wa haki za binadamu aliokuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulikuwa kielelezo cha Mkataba wa 08 uliotolewa China mwezi Desemba 2008, ambao mwandishi Liu Xiaobo alifungwa miaka 11 kwa ajili yake. Tarehe 6 Januari 1977 Havel alikamatwa pamoja na mwigizaji Pavel Landovský na mwandishi Ludvík Vaculík walipokuwa wakiupeleka mkataba wao kwa serikali. Tarehe 6 Januari 2010, wakati huo akiwa rais mstaafu, alikwenda na Landovský hadi ubalozi wa China mjini Praha na barua ya kumtetea Liu, na mlango haukufunguliwa.

Hasira ya Denemarková inatokana na yaliyofuata miaka michache tu baadaye, pale viongozi wa nchi hiyohiyo ya Havel walipobadili mwelekeo kwa ajili ya mitaji. Mwaka 2014 Rais Zeman aliiambia televisheni ya China kwamba amekuja kujifunza namna ya kukuza uchumi na kuituliza jamii, na Machi 2016 Rais Xi Jinping wa China alipokewa Praha kwa heshima zote. Katika riwaya muuza mboga wa Havel amekwisha kuwa raia wa dunia nzima: anakaa hotelini Beijing, ana simu nzuri, analaani ukomunisti wa zamani akiwa nyumbani, na ananyamaza kazini kwa sababu kandarasi haijatiwa saini. Denemarková anadai kwamba Ulaya haikuondokana na historia yake ya giza kwa kujenga makumbusho, kwani ule utii uliowawezesha Wanazi na baadaye wakomunisti kutawala umebakia na kubadili bei yake tu. Hoja hiyo ina ukweli mwingi. Hata hivyo kitabu kinaielemea hoja kwa kuirudia, na wahusika wasio na majina, ambao nia ilikuwa wamwakilishe kila mtu, katika baadhi ya sura hawamwakilishi yeyote; mtu anayetoka kwa Gita, ambaye maumivu yake yana anwani na namba ya kiwanja, anahisi pengo hilo upesi. Sehemu za mwanafunzi wa Kichina ndizo zinazokinusuru, maana humo Denemarková anarudi kwenye kipaji chake halisi, cha kumfuata mtu mmoja dhaifu hatua kwa hatua hadi kwenye dawati la afisa anayeamua maisha yake.

Katika nchi zinazozungumza Kijerumani, ambako Eva Profousová amezitafsiri kazi zake kuu, Denemarková amepokewa kwa shauku kubwa, na mapokezi hayo yana hatari yake. Msomaji Mjerumani anaweza kuishika *Peníze od Hitlera* kama hati ya kupunguza lawama za babu yake. Kitabu chenyewe hakimruhusu, kwa sababu kila uovu wa Puklice unasimama juu ya uovu uliotangulia, na bila kambi za Wanazi Gita asingekuwa yatima anayerudi peke yake kwenye lango la nyumba yao. Msomaji Mcheki naye alikuwa na njia yake ya kukwepa, ya kusema kwamba mwandishi anawasaidia Wajerumani kudai mashamba, tuhuma ambayo mtu yeyote aliyegusa mwaka 1945 ameisikia. Kati ya wasomaji hao wawili, kila mmoja akitaka kitabu kimwondolee deni lake, Denemarková amesimama na bibi mzee anayeomba baba yake asiitwe mhalifu, ombi ambalo halimgharimu jirani hata hatua moja ya shamba, na ambalo Puklice nzima inaliona kuwa kubwa mno.